Usiuachie Mkono

Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Kosa la wengi wanaoanza kazi yetu ni kumwambia mgonjwa, "Sasa nahesabu pumzi zako." Nimelitanguliza mbele ya salamu kwa sababu najua barua ikiwa ndefu wewe huruka katikati. Sasa salamu: hujambo? Chakula cha bweni kinapita kooni? Mimi sijambo, ila shingo inanisumbua kidogo, nimeongeza mto wa tatu.

Jana kwenye simu nilikuelewa nusu. Nusu nyingine ilikuwa kilio. Nilichoshika ni kwamba umefeli mtihani wa wodini kwa hesabu ya pumzi, kwamba utarudia mwisho wa mwezi, na ukifeli tena chuo cha uuguzi kinakutoa. Simu hainipi nafasi ya kueleza, ndiyo maana naandika.

Moyo wa mtu haumsikilizi, unapiga upendavyo. Pumzi ina masikio. Mtu akijua inahesabiwa, ataivuta kwa adabu kama anayepigwa picha. Kwa hiyo anza na mapigo ya moyo, kwenye kifundo cha mkono. Ukimaliza, usiuachie mkono. Acha vidole palepale, hamisha macho tu, tazama kifua kikipanda na kushuka, dakika nzima. Mgonjwa atadhani bado uko kwenye mapigo. Nilifanya hivyo mpaka nikastaafu, na hakuna aliyewahi kunigundua.

Rudi wodini.

Shangazi yako


Tarehe 9 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini shingo imepoa. Mimi mwili mzima, ila kutulia ndiko kumenishinda. Nakaa, nasimama, nafunga begi, nalifungua tena. Mwenzangu wa kitanda cha juu anasema nikiendelea hivi atanidai nauli, maana namsafirisha kila siku bila kufika.

Nikueleze ilivyokuwa. Mgonjwa wangu alikuwa dereva wa malori aliyestaafu. Nilimwomba atulie nihesabu pumzi, akatunisha kifua kama jogoo. "Binti," akasema, "unanitazama kama fundi anayetaka kunishonea shati. Pima vizuri, nimenenepa." Wodi ikacheka, nami nikacheka, nikaandika kumi na sita. Mkufunzi wetu, tunayemwita Darubini, alikuwa ameshahesabu akiwa mlangoni kabla sijafungua mdomo. Alipata ishirini na sita. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mzee huyu anaumwa mapafu, wewe umemwandika mzima." Kisha akanishika vidole akaniambia kucha hizi si za muuguzi.

Tangu siku hiyo kila ninayemshika mkono nayasikia maneno yale, hesabu inanipotea njiani. Shangazi, nataka kuacha. Jirani yako fundi cherehani aliwahi kusema anahitaji msaidizi. Nitashona sare za shule, hakuna anayekufa kwa sare. Wiki ijayo nakuja tuzungumze.

Binti yako


Tarehe 14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Usije. Nimepaka rangi chumba cha wageni na harufu haijaisha. Mimi ni mzima, miguu tu imevimba kwa kukaa sana, viatu vimegoma kuingia.

Kuhusu kushona: ile sare uliyoijaribu likizo, mkono mmoja ulifika kwenye kiwiko na wa pili ukafunika vidole. Watoto wa shule wana matatizo ya kutosha.

Kuhusu Darubini: alichosema si tusi. Alikuonyesha mtu nyuma ya namba, basi. Unayasikia maneno yake ukiwa na mgonjwa kwa sababu unajitazama wewe badala ya kumtazama yeye. Fanya mazoezi kwa wenzako bwenini, wakisukana, wakisengenyana, wasijue. Ukiweza kuhesabu pumzi ya mtu anayesengenya, utahesabu ya yeyote.

Usije, nasema.

Shangazi yako


Tarehe 21 Juni, asubuhi

Shangazi,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, najua utajibu sijambo. Uko bafuni, nami naandika haraka niiache barua juu ya mto wako. Ningekwambia kwa mdomo, lakini tangu jana kila nikianza unanituma jikoni.

Chumba cha wageni hakijapakwa rangi.

Nilikuja kukwambia kwamba naacha chuo. Jana mlangoni nilipokushika mkono nikuamkie, sikuuachia. Ulikuwa unanicheka nilivyokonda, nami macho yangu yalikuwa kifuani kwako. Thelathini na mbili, Shangazi, na ulikuwa umesimama tu. Ulipokaa nikarudia, ikawa ileile.

Darasani tumefundishwa kumuuliza mgonjwa analala na mito mingapi. Moyo ukichoka kusukuma, maji hujaa mapafuni, na kulala chali kunakuwa kama kuzama. Mito uliniandikia mwenyewe. Miguu pia uliniandikia. Nikasoma, nikaruka.

Huenda nimekosea, si mara ya kwanza. Nikiwa nimekosea tutacheka njiani. Nimekwenda kwa fundi cherehani, mumewe ana gari, atupeleke hospitali. Ukisikia honi uwe umevaa ndala. Viatu usihangaike navyo.

Binti yako


Tarehe 29 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa safari hii hukungoja nikuitikie. Hujambo? Ulipoondoka juzi nilikuwa nimesinzia. Safari hii nakujibu kweli: naumwa, lakini nina nafuu. Dawa za kutoa maji zinanipeleka msalani kama mtoto anayejifunza, na miguu imerudi kuwa miguu. Sasa nalala na mito miwili. Daktari amesema moyo umechoka, ila kwa dawa na kupunguza chumvi tutaendelea kuelewana nao.

Hukuniuliza kwa nini nilinyamaza. Nilijua ninaumwa nini, ningekosaje kujua? Niliona ukisikia utaacha chuo uje kuniuguza, na wewe ulikuwa unatafuta sababu tu. Sikutaka kuwa sababu hiyo.

Lakini nikueleze jambo moja la pale mlangoni. Nilijua unahesabu. Salamu haichukui dakika nzima, na kucha zako zilikuwa zinanichoma. Basi nikafanya kama yule dereva wako. Nikajaribu kuituliza pumzi, nikawa naivuta polepole, nikakucheka ulivyokonda ili upoteze hesabu. Haikutulia. Nawe hukupoteza.

Fundi cherehani anapita huko leo, ndiye anayekuletea barua hii. Begi lako usimpe.

Kesho ni mtihani. Darubini atasimama mlangoni, miguu itataka kukimbia. Siwezi kukuahidi kwamba utafaulu. Naweza kukwambia tu kwamba mgonjwa wa kesho hatakuwa mjanja kuliko mimi.

Leo, kata kucha.

Shangazi yako