Mwalimu Haandiki Tena

Navakholo
9 Juni 2025

Kwa mwanangu mpendwa Masinde,

Salamu nyingi kutoka hapa nyumbani. Natumaini u mzima huko Turkana, wewe na wenzako wa kuchimba visima, na kwamba jua halijakumaliza. Sisi tupo. Goti langu linaniuma kwa sababu ya mvua, mahindi yamefika kiunoni, ng'ombe amezaa ndama wa kike. Najua simu ya kuongea haishiki huko, lakini gari lenu likipanda mlimani utausoma ujumbe huu.

Masinde, nimeharibu kompyuta ya baba yako. Jana ile TV uliyoifunga ukutani mbele ya kitanda chake ilileta maneno kwamba kompyuta inataka kujisasisha. Baba yako akaandika kwa kile kidole chake kimoja, polepole kama kawaida yake: "Ikubalie. Mwanafunzi akitaka kusoma hazuiwi." Tukacheka, mimi kwa mdomo na yeye kwa macho. Nikabonyeza. Ikazunguka, ikajizima, ikajiwasha, kisha TV ikawa nyeusi tititi. Mpaka sasa ni nyeusi, na katikati kuna maneno madogo kwamba hakuna kinachoingia.

Tangu kiharusi kimnyang'anye ulimi na mkono wa kulia, hiyo TV ndiyo mdomo wake. Laptopu yenyewe iko kwenye kistuli ubavuni mwake, na shingo haigeuki kuitazama. Hata ingegeuka, yeye herufi ndogo hazioni. Sasa anabonyeza na hakuna kitu kinachotoka. Ananiangalia, nami namwangalia. Naogopa, mwanangu. Nyumba imekuwa kimya mno.

Sijagusa kitu kingine chochote. Hata kile kitambaa changu cha maua nilichofunikia kioo cha laptopu, ili kisiingie vumbi wala mwanga usimchome macho, kipo palepale.

Nijibu upesi.

Mama yako


Lokitaung
11 Juni 2025

Mayi mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na Baba. Mimi sijambo, ila midomo imepasuka kwa upepo na mbuzi wa huku wananikumbusha kila siku kwamba mimi si mwenyeji. Pole na goti. Lipake ile dawa ya mentholi usiku, usilifiche.

Kompyuta hujaiharibu. Zikijisasisha huwa zinaamka zimechanganyikiwa, zinasahau kwamba kuna TV. Fanya hivi. Zima TV kwa rimoti. Chomoa ule waya mnene mweusi unaotoka kwenye laptopu, pande zote mbili, uupulize vumbi, uurudishe mpaka uingie kabisa. Washa TV, halafu kwa rimoti chagua tundu la pili badala ya la kwanza. Laptopu yenyewe usiizime. Ule ukurasa wake wa kuandikia hujifungua wenyewe na hujihifadhi wenyewe, niliutengeneza hivyo kwa sababu ya stima ya kwetu inayokatika ovyo.

Picha ikirudi kwenye TV, ujue tumepona.

Mwambie Baba namsalimu, na kwamba nimeacha kuchelewa kazini.

Mwanao,
Masinde


Navakholo
13 Juni 2025

Mwanangu Masinde,

Habari za huko? Sisi tunashukuru Mungu, ingawa shukrani yangu leo ina machozi ndani yake.

Nilifanya yote uliyosema, na picha imerudi. Tena picha nzuri, mlima wa buluu na ziwa chini yake. Nilipiga kigelegele peke yangu chumbani. Nikamwambia baba yako, "Haya, Mwalimu, ongea!" Akasogeza kidole akaanza kubonyeza. Nikasubiri neno litokee kwenye ule mlima. Halikutokea. Akabonyeza tena, kwa muda mrefu, na mlima ukabaki mlima. Kisha akaacha kidole juu ya kibodi, akaitazama ile picha kana kwamba imemtukana.

TV imepona, Masinde. Basi kilichoharibika ni nini? Mtu aliyefundisha watoto wa Navakholo hii yote kuandika majina yao, leo anabonyeza tu ovyo kama mtoto anayechezea vifungo.

Halafu amekataa dawa. Anakaza meno. Tembe za mwezi huu zina rangi nyingine, ila muuzaji aliniambia dawa ni ileile, kampuni ndiyo tofauti. Nilikaa kitandani na kikombe cha uji, nikamuuliza, "Mwalimu, umechoka kuishi?" Akabonyeza bonyeza pale, hakuna kitu. Akafumba macho na machozi yakamtoka. Nililia mpaka uji ukapoa.

Naogopa kukwambia ninachofikiria.

Mama yako


Lokitaung
17 Juni 2025

Mayi,

Shikamoo. Samahani, gari liliharibika na ujumbe wako nimeupata leo. Nimeusoma nikiwa nimesimama, nikakaa chini, nikausoma tena. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Kama picha imerudi na Baba haandiki, basi naogopa kiharusi kimempiga mara ya pili, safari hii kichwani mahali pa maneno. Sitaki kukutisha, lakini mimi nimetishika na siwezi kujificha. Mtafutie gari mfike hospitalini Kakamega. Najua barabara ya udongo wa murram imekatika pale mtoni na bodaboda haiwezi kubeba mtu aliyelala. Mwombe Baba Mdogo Sylvanus atafute pikapu ya kupitia njia ya juu.

Niambie mambo mawili. Bado anakutambua? Na akibonyeza, kidole kinatembea kutoka herufi hadi herufi, au kinagonga mahali pamoja?

Nimeomba ruhusa nije. Msimamizi anasema tusubiri kisima kitoe maji kwanza. Nakichukia hiki kisima.

Masinde


Navakholo
19 Juni 2025

Kwa mwanangu Masinde,

Salamu. Goti limepona, sijui hata lilipona lini.

Ananitambua. Nikiingia macho yake yananifuata mpaka mlangoni. Na kidole kinatembea, kinatafuta, kinapumzika, kinatafuta tena, sawasawa na zamani. Ndiyo maana naumia. Angekuwa amelala tu ningejua ameondoka.

Lakini mwili unaisha. Miguu ni baridi hata mchana. Akiketishwa macho yanapinduka. Zile tembe sasa nazisaga namchanganyia kwenye uji, kwa sababu daktari alisema asikose hata siku moja. Anapoona kikombe anabonyeza kwa nguvu mpaka kistuli kinatikisika, halafu nafungua mdomo wake kwa kijiko. Nafanya hivyo nikimwomba Mungu anihurumie.

Baba yako mdogo Sylvanus alikuja kuhusu pikapu. Alisimama mlangoni akamtazama kaka yake, akaniita nje. Akasema, "Shemeji, huyu mtu amechoka. Hiyo mashini ndiyo inamsumbuanga. Mwache apumzike." Nikamwambia nitamngoja Masinde. Leo asubuhi nimetoka nikakuta vijana wake wanafyeka nyasi pale mbele ya nyumba, upande wa kushoto. Hakuna aliyewatuma kwangu. Unajua mahali pale panafyekwa kwa sababu gani, Masinde: ndipo mwenye nyumba huzikwa. Nimerudi ndani nikafunga pazia ili baba yako asisikie panga, kana kwamba pazia linazuia sauti.

Na mashini yenyewe sasa inanitisha. Nilijaribu mwenyewe kusukuma kile kipanya. Mshale ukatembea vizuri juu ya ziwa, ukafika ukingoni mwa TV, ukatoka. Haukugonga ukuta ukasimama kama zamani. Ulitoka, ukapotea, na nilipourudisha ukaingia tena kutoka kulekule. Sylvanus aliona. Akasema Jumamosi anakuja kuichukua yote, laptopu na TV, aizime na kuitoa humu ndani kabla haijatuletea mengine.

Nifanye nini? Mimi ni mwanamke mmoja na wao ni ukoo.

Mama yako


Lokitaung
20 Juni 2025

Mayi,

Sina salamu leo, utanisamehe. Msimamizi amenipa pikipiki nipande mlimani kutuma hii.

Nimekosea tangu mwanzo. Picha kurudi si kupona. Huo mshale haujapotea wala hauna pepo. Kompyuta ilipojisasisha ilisahau kuonyesha kitu kimoja pande zote mbili. Sasa inadhani ina meza moja ndefu, nusu iko kwenye TV na nusu iko kwenye kioo chake yenyewe. Mshale unapotoka kwenye TV unaingia kwenye laptopu. TV imepewa picha ya mlima peke yake. Na ule ukurasa wa Baba umefungukia upande wa pili.

Mayi, upande wa pili ndio uliofunikwa na kitambaa chako.

Kama kidole kinatembea kutoka herufi hadi herufi, Baba amekuwa akiandika siku zote hizi. Hajui kwamba maneno yanatokea, kwa sababu hakioni kile kioo, nawe huoni kwa sababu ya maua. Ondoa kitambaa usome. Soma kila kitu kabla hujampa hata kijiko kimoja cha uji. Nimezifikiria sana zile tembe zenye rangi nyingine.

Ukishasoma, shikilia kitufe chenye alama ya kidirisha, chini kushoto, halafu bonyeza herufi P. Itatokea mistari minne. Chagua ule unaoanza na D. Maneno yatarudi ukutani naye atayaona.

Baba Mdogo asiizime. Simama mlangoni ikibidi.

Mwanao


Lokitaung
22 Juni 2025

Mayi,

Jana ilikuwa Jumamosi. Nimekaa hapa mlimani tangu asubuhi na simu mkononi, sijapata kitu. Ujumbe wangu unaonyesha umefika, lakini hauonyeshi kama umesomwa. Labda simu yako imezima. Labda stima hakuna. Najiambia hivyo.

Kama Baba ameondoka niambie tu, usinifiche. Kama alikuwa anaita na sisi tunaangalia mlima, pia niambie.

Kisima kimetoa maji. Naanza safari kesho.

Masinde


Kakamega mjini
24 Juni 2025

Kwa mwanangu Masinde,

Nakusalimu nikiwa kwenye benchi la hospitali. Mimi mzima. Baba yako yu hai. Nimeliandika hilo mapema ili usikimbilie chini kulitafuta. Simu niliisahau nyumbani kwa haraka, leo ndiyo nimeletewa.

Ujumbe wako niliukuta Jumamosi asubuhi, na Sylvanus alikuwa tayari ukumbini na gunia la kubebea. Nikaingia chumbani nikakishika kile kitambaa. Masinde, niliogopa kukiinua kuliko nilivyoogopa kitu chochote tangu nizaliwe. Niliogopa kukuta kioo kitupu, na niliogopa kukuta kimejaa.

Kilikuwa kimejaa. Nilipandisha ukurasa juu, ukazidi kupanda. Siku picha iliporudi ameandika, "Mbona wameniletea mlima?" Kisha, "Mama Masinde, kama unaona hii gusa mguu wangu." Hiyo ameiandika mara nyingi mpaka nikaacha kuihesabu. Halafu, "Hizi si tembe zangu. Zangu zina mstari katikati." Halafu, "Nikimeza moyo unapiga, unasimama, unapiga." Halafu, "Usisage. Nakuona ukisaga." Na kuna moja nilimsomea Sylvanus kwa sauti, naye amesimama na gunia lake: "Mwambie ndugu yangu aache kufyeka pale, pale ni pa viazi." Gunia lilimtoka mkononi. Akakimbia kutafuta pikapu, na akaipata, na tukapita njia ya juu, yeye mwenyewe ameshika kichwa cha kaka yake magotini.

Daktari alizitazama zile tembe akaniuliza nilizipata wapi. Si dawa yake hata kidogo, ni ya watu ambao moyo wao unakimbia, na wa baba yako haukuwa unakimbia. Walimwekea maji ya mshipa na mashine ya kusikiliza moyo. Bado hawajatuahidi kitu. Ukipishana njiani na hofu yangu, mwanangu, iache ipite, bado ninayo nyingi.

Muuguzi anayeitwa Jepkoech ametupa meza ndogo. Laptopu iko mbele yangu wazi, bila kitambaa, na nikisoma neno naligusia mguu wake ili ajue nimeliona. Leo ameandika, "Masinde asisahau kula njiani." Basi kula.

Kuna jambo moja sijamwambia mtu. Unakumbuka ile siku nilipomuuliza kama amechoka kuishi, akabonyeza kisha akalia, nikajijibia mwenyewe? Jana nimelitafuta jibu lake katika ule ukurasa mrefu, nikalikuta limekaa pale limenisubiri siku zote hizo, sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu:

"Hapana. Nimechoka na tembe. Wewe bado sijakuchoka. Acha kulia juu ya uji wangu, utaingia chumvi."

Mama yako