Minazi ya Utepe Mweupe

Mwanangu Raya,

Hitima yako imepita. Jana nilikwenda Mkunazini, mama yako akanikabidhi daftari lako la minazi. "Kaka, wewe ndiye ulokuwa naye shamba," alisema, basi.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikuhadithia, siku nilipoteleza juu ya mnazi pale Bububu nikafika chini kabla ya dafu nililoliangua, nikalidaka? Ukiniuliza, "Na maji yalimwagika, Mjomba?" Nikikwambia, "Hata tone." Unguja nzima hakuna anayeijua minazi kama mimi, na darasa la sita sikumaliza. Kwa hivyo uliporudi kutoka chuoni na utafiti wako wa chonga, yule mdudu mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi, nilijua umekuja kwa mwenyewe.

Ukafunga tepe. Minazi ya utepe mwekundu, chonga tuwatoe. Ya utepe mweupe, tuwaache wale, upime mnazi unadumaa kiasi gani. Mweupe ukaufunga hata kwenye mnazi tulipofukia kitovu chako.

"Huo si wako?"

"Nikiuruka huo, Mjomba, najidanganya. Usiuguse."

"Naam, bosi."

Nikaugusa. Kila ulipopanda gari kurudi mjini, nilichukua waya wangu wenye ndoana nikapanda. Nilianza na wako, maana nilimsikia mdudu akitafuna mle ndani, nikaona kama anakutafuna wewe. Kisha nikaionea huruma yote ya utepe mweupe. Chonga niliowavua wangejaza magunia, na hii si hadithi kama ile ya dafu.

Mwaka ulipokwisha ulikaa chini na daftari. "Yote imekua sawasawa. Haiwezekani."

"Chonga wa Bububu wana adabu," nikasema.

Hukucheka. "Hukugusa, Mjomba?"

"Wallahi sijagusa."

Mimi, ninayeweza kuhadithia dafu moja kutwa nzima, hilo nililimaliza kwa maneno mawili. Walimu wako wakaikataa kazi, ukaanza upya, na maradhi yakakukuta hapo. Kule hospitali uliniuliza kama tepe nyeupe zingalipo. Nikakuhadithia dafu. Nadhani ulishajua, ulikuwa ukiniangalia mikono, ilivyochanika kwa waya.

Leo nshakwenda shamba, peke yangu. Mnazi wako una chonga. Uchafu anaoutafuna unamwagika kileleni kama machicha ya nazi. Waya nimemwachia mama yako, nikamwambia asinipe hata nikimlilia. Nikasimama pale chini nikisikiliza, mwanangu, na mikono sikujua niiweke wapi.

Kisha nikahesabu makuti mapya kama ulivyonifundisha. Lilikuwa moja, nalo limekatika kama kwa mkasi. Mkono wangu ulitaka kuandika matatu daftarini mwako.

Nimeandika moja.

Pumzika, Raya. Nisamehe ukiweza.

Mjomba wako,
niliyegusa