Chupa ya Tope Jekundu

Jumamosi, katikati ya Oktoba. Tabora inaunguza, mvua bado inaringa, na mimi nimenuna tangu asubuhi.

Sijasaini. Na sisaini.

Lambo la kijijini kwa shangazi, kule kupita Tura, limewekewa bomba. Mdomo wake wameushusha hadi karibu na tope, ili maji yasikatike kiangazi. Mimi ndiye mpima maji, na bila sahihi yangu bomba halifunguliwi. Juu ya lambo kuna korongo ambako watu waliosha dhahabu miaka mingi, na taka zao zote zilitiririkia lamboni.

Maji niliyochota Juni yalikuwa safi. Bosi akafurahi. Ila siku hiyo nilijaza pia chupa moja tope jekundu na maji yake, nikaikaza kizibo, kisha nikaisahau stoo nyuma ya madumu. Uzembe wangu, nakiri.

Alhamisi nimeikuta. Tope limegeuka kijivu. Nilitaka kulimwaga, roho ikakataa, nikapima yale maji ya juu yake.

Yana aseniki.

Sumu hiyo ilikuwamo siku zote, imeng'ang'aniwa na kutu, ile ile inayolitia tope wekundu. Penye hewa, kutu haiachii. Hewa ikiisha, kutu yenyewe inayeyuka, na ilichokishika kinaingia majini. Hata ukichemsha, haitoki.

"Chupa si lambo," bosi kaniambia. Kweli. Lakini kule chini, maji yakituama miezi ya joto, hewa nayo huisha. Nimeomba tukachote ya chini kabisa tuyapime. Hataki, sherehe ya uzinduzi imeshapangwa. Nimeomba basi mdomo wa bomba ufungwe kwenye boya, uelee juu. Kacheka.

Kilichoniuma ni simu ya shangazi, aliyenilea na kuniita mayo, yaani mama. Nimempa shikamoo, hakuitikia.

"Mayo, wenzako wanatuletea maji, wewe unatunyima? Umetusahau?"

Nimelia, na sioni aibu kuandika hivyo. Nimemweleza kuhusu chupa, akakata simu.

Haya. Jumatatu naiweka chupa mezani kwa bosi, juu ya ile fomu wanayotaka nisaini. Wapime maji ya chini, au wainue bomba, au wanifukuze.

Shangazi na aninunie miaka ishirini. Nataka awe nayo hiyo miaka.