Mmoja Kameza Kifungo, Mwingine Kameza Nywele

Jumapili, tarehe 8 Juni

Leo beseni limepata mgeni. Mbwa wa njano, mbavu nje, macho yamejaa tongo. Kanywa maji mpaka nikaona aibu kumwangalia. Kila akinywa anakohoa, anapiga chafya, anarudi kunywa. Nikamwambia pole baba, kunywa taratibu, hakuna anayekufukuza.

Beseni nimeliweka mimi, chini ya bomba la nje, karibu na cherehani yangu. Mbwa yeyote apitaye anywe. Watu wana hoteli zao, mbwa wana mimi. Mjukuu wangu anasema hoteli ya bure haina mwisho mwema. Kijana mzima, dereva wa gari la mikate, bado anakula kwangu — halafu yeye ndiye wa kusema habari za bure! Lakini herufi hizi alinifundisha yeye, alipokuwa mdogo akifanya kazi za shule miguuni pa cherehani. Shule mimi sikuujua hata mlango wake. Kwa hiyo simsemi sana.

Karani, mbwa wangu, kamnusa mgeni kuanzia pua mpaka mkia. Ndiyo kazi yake. Nilimwita Karani kwa sababu hukaa mlangoni, na hakuna anayepita bila kukaguliwa. Baadaye kaja Bibi Harusi, mbwa mweupe wa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Ajuza mwenzangu. Marehemu mke wa kinyozi ndiye aliyemlea na kumpa jina hilo. Hulala chini ya benchi la wateja, na kila kinyozi akikung'uta kile kitambaa cha kumfunika mtu, anainuka mwenyewe kupisha nywele, kisha anarudi kulala pale pale. Ana adabu kuliko wateja.

Naye kanywa, kaenda zake. Beseni moja, midomo mitatu. Roho imefurahi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Jumatatu, tarehe 16 Juni

Karani kameza kifungo. Nina hakika.

Tangu asubuhi anakohoa kikohozi kikavu, kikubwa, kama bata dume aliyekabwa. Kisha anainamisha kichwa, anavuta tumbo, anatema povu jeupe. Na koti la mteja limepungukiwa kifungo cheusi, kikubwa. Jana nilikishika kwa mkono wangu. Mwizi ni nani mwingine?

Tumempanua mdomo. Mjukuu kashika taya, mimi nikaingiza vidole mpaka kooni. Hakuna kitu. Karani kaniangalia kama mtu aliyepekuliwa mbele ya wakwe zake.

Mjukuu kasema, mke wangu, labda kameza karatasi ya mkate. Sawa, kila mtu na biashara yake. Mimi nimesema ni kifungo, na kitatoka kwa njia ambayo vitu hutokea. Nitangoja na kijiti.

Nikimvuta kwa ukanda wa shingoni anakohoa zaidi. Ukanda mzuri, nilimshonea kwa kitambaa cha makochi, uzi mara mbili.

Jumanne, tarehe 17 Juni

Kifungo hakijatoka. Kijiti kimefanya kazi yake, sitaki kuandika zaidi.

Sasa pua inachuruzika na chafya haziishi. Nikajiuliza, kifungo gani kinaleta mafua? Nikaamua kumfukiza kama nilivyowafukiza wanangu wote. Sufuria ya maji ya moto, ile dawa ya kuchua yenye harufu kali, blanketi juu. Sote wawili chini ya blanketi. Kavumilia kidogo kwa heshima yangu. Kisha kapiga chafya ndani ya sufuria, katoka mbio na blanketi mgongoni, kazunguka ua kama bwana harusi aliyebadili mawazo. Mjukuu kacheka mpaka kakaa chini. Nimemrushia kandambili.

Kifungo nimekiona. Kilikuwa kwenye mfuko wa gauni langu.

Nimemwomba Karani radhi. Kanilamba mkono, halafu kaukoholea.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Mjukuu katupakia kwenye gari la mikate, katikati ya kreti tupu, katupeleka kwa daktari wa mifugo. Binti mdogo, bado ana chunusi. "Shikamoo, Bibi." Marahaba. Nikawaza, huyu atajua nini. Lakini kachuchumaa, kazungumza na Karani kwanza kabla ya kuzungumza na mimi. Nikampenda hapo hapo.

Kamminya koo kwa vidole viwili, polepole sana. Karani katoa kile kikohozi chake cha bata. "Umesikia, Bibi? Hakumeza kitu." Kasema ni mafua ya mbwa. Yanakamata koo na njia ya hewa, yanarukia mbwa mwingine upesi sana, kwa kunusana, kwa kukoholeana, kwa chombo kimoja cha maji. Kamsikiliza kifua: kisafi. Kamtazama ufizi: wa waridi, mzuri. Anakula? Anakula, hata asichopewa. Basi huyu atapona kwa kupumzika, chakula laini, na kukaa mbali na mbwa wenzake mpaka muda mrefu baada ya kikohozi kwisha. Chanjo ipo, ningemleta mapema. Nikasema sikujua. Kasema, sasa unajua.

Kauliza nimempa nini. Nikamweleza blanketi na dawa ya kuchua. Kafumba macho. "Bibi, pua ya mbwa si kama yako. Umemtia pilipili." Mvuke ni mzuri, mvuke mtupu, bila dawa. Na dawa za kikohozi za watu nisimpe kamwe, nyingine zinaua mbwa. Chupa ya kikohozi ilikuwa mkobani mwangu. Nikaisukuma chini kabisa.

Kisha ukanda. Unamkaba pale pale panapouma. Akitoka nje afungwe mshipi wa kifuani. Nikauliza unakaaje, kanichorea. Hilo niachie mimi.

Halafu kauliza, "Maji anakunywa wapi?"

Nikajishughulisha na mkoba wangu. Mjukuu ndiye aliyesema: beseni.

"Wanakunywa na wengine?" Wapita njia, na ajuza mmoja wa kila siku. "Ajuza?" Kaacha kuandika. Kasema mbwa wenye nguvu hukohoa wakapona. Wazee na watoto ndio mafua huwashukia mapafuni. Akiacha kula, akiwa amelala na mbavu zinakwenda kama mvukuto, akitoa makamasi mazito ya kijani, msisubiri kesho.

Nimerudi nikamwaga maji. Nimelisugua beseni kwa sabuni, nimelilaza kifudifudi juani. Mgeni njoo, mwenyeji apone — huyu kaja, mwenyeji kaugua. Wala simlaumu. Alikuwa na kiu.

Gauni langu limejaa makamasi ya Karani, kwa hiyo sikuvuka barabara. Nimesimama upande wangu, nikampigia kinyozi kelele. Jirani, mbwa wako anakohoa? "Anakohoa nywele, Mama Cherehani!" Nikamwambia si nywele, ni mafua, na yametoka kwenye beseni langu. Kasema duka lake limejaa nywele, mbwa analala sakafuni, akohoe nini kingine, mchele? Kisha kaongeza, mtaa mzima ukisikia, kwamba kama namtaka yeye nivuke tu, nisisingizie mbwa. Benchi zima wakacheka. Upara wake uking'aa.

Nimeingia ndani kwa hasira. Ningemwita mjinga, lakini juzi mimi nilikuwa nimesimama na kijiti.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Bafuni na Karani. Maji ya moto kwenye ndoo, mlango umefungwa, mimi nimekalia ndoo nyingine niliyoigeuza. Mvuke mtupu. Kawa na wasiwasi mwanzoni, akatafuta blanketi liko wapi. Alipoona halipo, kaweka kidevu juu ya mguu wangu. Nimemsimulia habari za mjukuu alipokuwa mdogo na pumu yake, tulivyokaa hivi hivi. Mjukuu alikuwa nje ya mlango anasikiliza. Baadaye kasema, mke wangu, kumbe na mimi ulinilea kama mbwa. Ndiyo. Na hukunusa hata mtu mmoja, ulikuwa mpole kuliko huyu.

Nimeshona mshipi wa kifuani. Kitambaa laini ndani, kigumu nje, kifungo ubavuni. Koo halina kazi tena.

Nimeshona na wa pili. Mdogo zaidi. Nimepima kwa macho, kutoka ng'ambo. Vipimo vya wanawake wazee navijua.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Karani anakohoa mara mojamoja. Kakasirika kufungiwa ndani, watu wanaingia bila kukaguliwa.

Nilikuwa naweka pindo la sketi. Ng'ambo kinyozi kamaliza mteja, kakung'uta kitambaa. Bibi Harusi hakuinuka. Nywele zote zikamwangukia mgongoni, nyeusi juu ya nyeupe. Hakutikisa hata ngozi.

Nimebadili gauni na viatu, nimenawa mpaka kwenye viwiko, nimevuka. Mbavu zilikuwa zinakwenda mbio naye kalala. Mdomo wazi. Chakula cha jana kimekauka kwenye sahani, nzi wanakigombania.

Nikamwambia kinyozi tena, pole pole, kila kitu. Mbwa wa njano. Beseni. Karani. Ugonjwa umepitia mkononi mwangu.

Hakutania. Kauliza, "Ulijua tangu Jumatano?"

"Nilikuambia Jumatano."

"Ulipiga kelele, Mama Cherehani. Kelele unapiga kila siku."

Kaanza kumpangusa mbwa nywele mgongoni, moja moja, kwa brashi ile ya kufuta shingo za watu. Mjukuu kawachukua na gari la mikate. Mimi sikuitwa nipande.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Mapafu yameshikwa. Kachomwa sindano, kapewa na vidonge, daktari kasema mapema kidogo ingekuwa afadhali. Haya nimeyasikia kwa mjukuu. Kinyozi kanipita bila salamu.

Nimeutundika ule mshipi mdogo kwenye kitasa cha mlango wake. Sikubisha hodi.

Jumatatu, tarehe 23 Juni

Mshipi bado uko kwenye kitasa. Supu niliyopeleka imerudi, mjukuu kasema si kwa ubaya, mbwa hataki kitu.

Karani hajakohoa leo. Sijafurahi inavyopasa. Anakaa dirishani anatazama ng'ambo.

Jumanne, tarehe 24 Juni

Kinyozi kavuka barabara mwenyewe. Mshipi mkononi. Kasema, "Sijui kuufunga."

Mtu aliyefunga vitambaa kwenye shingo za wanaume maisha yake yote hajui kufunga kifungo kimoja. Sikumcheka. Nilichukua beseni, nikachukua birika la maji ya moto, nikamfuata.

Naandika hapa hapa dukani kwake, kalamu kaniazima yeye. Mikono inataka kazi na cherehani iko ng'ambo. Tumefunga mlango na madirisha. Beseni ni lile lile, nimelisugua mpaka limepoteza maua yake. Limewekwa mbele ya benchi, maji yanatoa moshi, bila dawa yoyote. Vioo vyote vimeziba ukungu. Bibi Harusi kalala upande, mshipi umemkaa sawasawa kifuani, mbavu bado zina haraka. Daktari kapigiwa simu, kasema yuko njiani.

Kuna na mteja. Alikuwa amenyolewa upande mmoja mbwa alipozidiwa, na kinyozi kamsahau kabisa. Kakaa kwenye kiti kama shamba lililovunwa nusu. Kauliza kama anaweza kufungua dirisha. Nimemwambia akae, mvuke unamfaa hata yeye.

Kinyozi kachuchumaa, kidole kimechovywa supu, kakiweka kwenye pua ya mbwa. Hataki. Kachovya tena. Kasema bila kunitazama, "Ningekusikiliza."

Nikasema, "Ningevuka."

Basi. Hatukuendelea na hilo.

Mteja kakohoa, sote wawili tukageuka kumwangalia vibaya, kaomba msamaha. Kasema ana kazi, ana bosi, na hawezi kutoka nje na kichwa hiki. Kinyozi kasimama. Sidhani hata alikuwa anafikiri, mikono tu ilikwenda yenyewe. Katoa kitambaa safi kwenye msumari, kakikung'uta.

Chini ya benchi sikio moja likainuka.

Moja tu. Mteja kaliona, nimeliona mimi, na kinyozi kaliona, maana kasimama na kitambaa hewani kama mtu aliyesahau njia. Kakikung'uta tena. Hakina unywele hata mmoja. Mguu wa mbele ukajivuta, kama unaotafuta pa kukanyaga. Ukatulia.

Mteja kauliza ananyolewa au hanyolewi. Nimemwambia nyamaza, baba.

Kinyozi anakikung'uta tena.