Kwa Baraka, Aliyenifundisha Kubana Mpira

Baraka mwanangu,

Wiki kumi na moja simu yako inaita mpaka inakatika. Donc nimeamua kukuandikia mbele za watu, kwenye magrupu yote ya watu wetu walioko Marekani, toka hapa Louisville mpaka huko Buffalo. Anayemjua amfikishie. Najua utasema: mama tena, mambo ya nyumbani tena hadharani. Kasirika, lakini soma.

Unakumbuka sebule yetu? Natoka kiwandani Jeffersontown miguu imevimba, nawe umeshasogeza makochi. Wewe na fimbo yako ya mchezo wa lakrosi, ile yenye wavu kichwani, mimi na mpini wa mopu, mpira katikati yetu kwenye kapeti. Mara ya kwanza kukuona uwanjani umechuchumaa na yule mtoto wa timu nyingine, vichwa vimeinama, mnangoja filimbi mgombanie mpira wa kuanzia, mimi nilifikiri mnaomba. Nikapaza "Amina!" Watu wote wakageuka. Ulicheka mpaka nyumbani.

Bon, ukanifundisha. "Chini zaidi, Mama. Uzito mbele, kwenye vidole. Mkono wa kulia karibu kabisa na kichwa cha fimbo. Macho kwenye mpira, si kwangu." Filimbi napiga mimi mwenyewe kwa mdomo na bado unanishinda! Unageuza kifundo cha mkono kama mtu anayefunga bomba, wavu umeufunika mpira, umeubana, na kabla sijainuka umeshaupitisha nyuma kati ya miguu yako. Mimi kwa hasira navuta mpini. "No, Mama! Ukishabanwa usivute. Ingiza bega, simama juu ya mpira, utoe kwa mguu." Siku moja nikakushinda. Haki ya Mungu, niliruka mpaka jirani wa chini akagonga dari yake.

Kisha kifundo kile cha mkono kikaanza kuuma. Ulinionyesha mimi peke yangu, kimevimba kama kiazi. "Usimwambie mtu, Mama. Kocha wa chuo kimoja cha Columbus anakuja kuniangalia nikicheza, labda anichukue." Nikakuahidi.

Jumapili, wakati wa mahitaji ya maombi, nikashika mikrofoni kanisani nikasema yote. Jumanne kocha wako alikuwa anajua. Mgeni wa Columbus alipofika, wewe ulikuwa kwenye benchi, jezi safi. Hukulia. Ulinitazama mara moja tu. Kesho yake asubuhi nikakuta kitanda kimetandikwa na wewe hupo.

Nilikufuata Columbus kwa shangazi yako anayekaa huko. Akaniambia ulienda mwenyewe kwa yule kocha, ukajibiwa timu imeshajaa, ukapanda basi la Buffalo. Eti unapakia mizigo kwenye depo moja Cheektowaga, hapo pembeni ya Buffalo. Na mkono ule? Unabebaje maboksi na mkono ule, mwanangu? Mimi sili. Nasonga ugali wa watu wawili nauangalia unapoa. Kwenye kapeti siwezi kukanyaga, nazungukia jikoni. Nimechoka kulia, Baraka, nimechoka kabisa.

Watu wananifariji: "Mama Baraka, ulikosea kwa sababu ya upendo, ulitaka mtoto apone." Nawaacha waseme. Sasa hapa, mbele yao wote, nasema si kweli. Jumapili ile, kiti cha mbele alikaa mama wa mwenzako mmoja wa timu. Nilimwona kabla sijafungua mdomo. Nilijua maneno yatafika kwa kocha, na nilitaka yafike. Baba yako nilimzika njiani tukikimbia vita, nikabaki na wewe tu, na Columbus ilikuwa inakuja kukuchukua. Nilikuzuia mimi, kwa mdomo wangu, halafu nikayaita maombi.

Sikuombi unisamehe. Njoo unitukane. Njoo uvunje sahani zote. Ila njoo.

Mimi mama yako