Picha Isiyowaka

Jumanne, 4 Machi
Nimebadilisha bandeji ya Mama, nimekama ng'ombe, nimechelewa tena kazini, kiwanda cha chai cha Mogogosiek. Kidonda cha unyayo bado. Saratani ya ngozi ilianzia hapo, ndani ya gambuti, sasa iko mapafuni. Alhamisi tunaenda Nairobi kwa majaribio ya dawa ya mionzi. Kwanza picha, halafu matibabu.

Ijumaa, 7 Machi
Walimdunga dawa kidogo ya mionzi. Mpiga picha alisema penye saratani patawaka. Nikaomba kusiwake popote. Nikachungulia kioo cha kompyuta yake: mapafu giza, unyayo giza. Hakuna kilichowaka! Sikungoja daktari. Nikamwambia Mama amepona. Alilia. Nililia kumshinda.

Jumapili, 9 Machi
Mama ametoa ushuhuda kanisani. Majirani walimngoja langoni na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kama mwanariadha aliyeleta medali. Akaitupa fimbo yake ya kutembelea kwenye michai. Vigelegele. Kibuyu kilinifikia pia, nikanywa maziwa ya ushindi bila haya.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari amepiga simu. Saratani iko palepale, skani ya kawaida inaionyesha. Dawa ya mionzi ndiyo haikuishika. Kumbe kuwaka ndiko walikokuwa wanatafuta. Ile ya picha ikishika, ile kali ya kutibu nayo inapata pa kushika. Isiposhika, hawampi. Kuna dawa nyingine ya dripu, turudi tujaribu.
Niliomba Mungu amnyime Mama dawa. Kweli ulimi hauna mfupa. Sijamwambia.

Jumatano, 12 Machi
Amerudi kuchuma chai. Kikapu mgongoni, anaimba. Soksi imelowa damu. Nimeifua nyuma ya zizi kama mwizi.
"Wewe ndio ulisema nimepona," akanitania. "Mbona uso ni wa matanga?"
Nikacheka. Najichukia.

Alhamisi, 13 Machi
Nimemwambia. Alikuwa anakoroga uji. Mwiko ukasimama, uji ukashika chini.
"Na watu wa mursik?"
Nikasema nitasimama kanisani niwaambie mwenyewe.
"Hapana. Huko ni mimi nilisema. Wewe chuma chai."
Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 15 Machi
Nimechuma tangu asubuhi. Mama alikaa ukingoni juu ya gunia, mguu juu ya kikapu kilichopinduliwa, akinigombeza kwa kuchuma majani magumu. Jumatatu tunarudi Nairobi, amekubali.
Fimbo nimeipata katikati ya michai. Nikaifuta tope kwa leso yangu, nikaiweka karibu na mkono wake.
Aliichukua.