Sahihi Iliyotiwa Nyuma ya Mlango Uliofungwa

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Wilaya ya Mjini, Unguja
Jumapili, tarehe 24 Agosti 2025, saa 3:15 asubuhi

Jina: Nassra Borafya Muhammad
Umri: Miaka 31
Dini: Muislamu
Kazi: Fundi wa kompyuta na mitandao, Mlandege
Makaazi: Kikwajuni, Ng'ambo

Nimeelezwa na Sajenti Mwatum kwamba natakiwa kusema kweli tupu, na kwamba nikisema uongo naweza kushtakiwa. Nimefahamu.

Msabah Kheir si ndugu yangu wala si rafiki yangu. Nimemjua kwa kazi tu. Mnamo tarehe 29 Julai mwaka huu, siku ya Jumanne, alikuja dukani kwangu akanipeleka nyumbani kwa shangazi yake, Bi Mwanamkasi, Kiponda, Mji Mkongwe. Aliniambia kuwa akili za shangazi yake zimeanza kupotea, na matapeli wanampata kupitia kompyuta iliyomo chumbani mwake. Alitaka kompyuta hiyo isiweze kupiga simu wala kutuma ujumbe. Kazi yote niliifanyia kwenye ruta, kile kisanduku cha intaneti, ukumbini. Bi Mwanamkasi sikumwona. Niliambiwa amelala, na mimi sikuuliza zaidi.

Jana, Jumamosi tarehe 23 Agosti, saa 8:30 mchana, Msabah alinichukua tena. Alisema ametia kamera kwenye ile kompyuta ili amwangalie mgonjwa akiwa kazini kwake Nungwi, lakini akiwa nje ya nyumba haoni kitu. Nilimweleza sababu. Anwani za zamani za intaneti zimekwisha, kwa hivyo wateja wengi hutumia anwani moja, na aliye nje hawezi kukifikia kifaa cha ndani. Lipo toleo jipya, la sita, ambalo kwalo kila kompyuta hupata anwani yake peke yake. Akasema, "Basi tia hilo hilo."

Tulipanda ghorofa ya pili. Mlango wa chumba ulikuwa umefungwa kwa komeo na kufuli, kwa nje. Msabah alisema shangazi yake hutoroka. Ndani palikuwa na kitanda, choo cha pembeni, meza ya kompyuta, na dirisha moja la nondo linaloangalia kiwanja cha ndani cha nyumba. Bi Mwanamkasi alikuwa ameketi juu ya msala wa kusalia. Nilimwamkia, akaitika, "Marahaba, mwanangu." Hakusema zaidi, kwa sababu Msabah alikuwa amesimama.

Nililiwasha toleo la sita kwenye ruta, kisha nikaingia kwenye mipangilio ya kompyuta, ambako lilikuwa limezimwa. Nikaliwasha, nikaiwasha kompyuta upya, ikapata anwani mpya. Saa 9:40 kamera ilikuwa tayari. Kujaribu kutoka nje kulihitaji simu yenye toleo hilo, na laini ya Msabah haikuwa nalo. Yangu ilikuwa nalo. Aliniomba simu yangu, nikampa na namba ya siri. Alisema anakwenda kusali alasiri, atajaribu akirudi njiani. Alitoka, na nikasikia kufuli likifungwa. Niliita, "Kaka Msabah, mimi bado nimo!" Akajibu akiwa ngazini, "Nshazoea, fundi. Dakika kumi tu."

Hapo Bi Mwanamkasi alinigeukia akaniuliza, "Leo ni ishirini na nane Mfunguo Tano, au hesabu yangu imenipotea?" Mimi mwenyewe sikujua. Nilitazama kwenye kompyuta, nikakuta yuko sawa. Nilimwambia. Akasema, "Basi leo natimiza siku arubaini humu ndani."

Alinieleza kuwa Msabah amemnyang'anya simu na anamtaka atie sahihi hati ya kumpa nyumba ile. Binti yake, Shemsa, yuko Maskati. Alisema alianza kujaribu kumpigia kwa kompyuta mwisho wa mwezi wa saba, ikawa haikubali. Nilimwambia kuwa aliyeifunga ni mimi. Akasema, "Ulidanganywa."

Kizuizi nilichokiweka Julai kilikuwa cha anwani za zamani tu. Toleo la sita halikuwa na kizuizi chochote. Hilo nililigundua wakati wa kufanya majaribio, na sikumwambia Msabah. Saa 9:55 nilimpigia Shemsa kwa kompyuta, kwa sauti.

Shemsa alisema, "Mama? Si uko Dar, hospitali? Msabah kanambia huwezi hata kusema."

"Sijavuka bahari, mwanangu. Nimo chumbani mwangu, mlango umefungwa kwa nje."

Shemsa alilia, kisha akasema anampigia sheha wa mtaa saa ile ile. Mazungumzo yalichukua kama dakika nne.

Kamera ilikuwa inatutazama muda wote huo. Niliisahau. Niliitengeneza vizuri, na Msabah alituona kwa simu yangu.

Alirudi saa 10:20. Hakufungua mlango. Nadhani aliing'oa waya ya ruta, kwa sababu mtandao ulikatika papo hapo. Akasema kwa nyuma ya mlango, "Fundi, nimekuitia kazi, umenifanyia fitina." Nilimwomba anifungulie. Nilimwambia nina mtoto wa miezi saba, ananyonya, nimemwacha kwa mama. Alipitisha karatasi, ile hati ya nyumba, chini ya mlango. Akasema, "Shangazi atie sahihi, wewe utie ya shahidi, ukamnyonyeshe mwanao."

Nilipiga kelele dirishani. Kiwanjani hapakuwa na mtu, na jengo la jirani linakarabatiwa, nyundo zilikuwa zikigongwa mfululizo. Niliusukuma mlango kwa bega hadi nikaumia. Bega hili nimemwonesha Sajenti. Joto lilikuwa kali na maji ya kunywa yalikuwa nusu chupa. Bi Mwanamkasi alinipa yote, akasema amefunga. Sijui kama kweli alikuwa amefunga.

Kiasi cha saa 11 maziwa yalianza kunitoka, yakalowesha nguo. Nilijifunika kwa mtandio, lakini aliona. Alinyanyuka, akaiokota karatasi na kuisoma yote, mbele na nyuma. Halafu akasema, "Lete kalamu."

Mimi nilijua nyumba ile ni ya nani. Nilijua pia kwamba sheha huenda yuko njiani. Sikumwambia asubiri. Nilifungua mkoba wangu nikatoa kalamu nikampa. Alitia sahihi yake, na mimi nikatia yangu chini yake. Alipoirudisha karatasi chini ya mlango alisema, "Chukua, Msabah. Mfungulie mtoto wa watu."

Msabah aliichukua. Nilisikia nyayo zake zikishuka ngazi. Hakufungua.

Bi Mwanamkasi hakulia. Alikaa karibu yangu, akanipepea kwa kipepeo cha mkono mpaka saa 11:50, tuliposikia mlango wa chini ukigongwa kwa nguvu. Msabah alisema kwa sauti kuwa yuko peke yake nyumbani. Tulipiga kelele sote wawili, na mimi nikagonga nondo kwa kiti. Sheha, Bwana Hasan Usi, aliingia pamoja na askari wawili, na kufuli likavunjwa. Karatasi ilitolewa na askari mbele yangu katika mfuko wa shati la Msabah. Simu yangu nayo alikuwa nayo.

Kwenye ngazi askari walitaka kumtanguliza Bi Mwanamkasi. Alikataa, akasema nitangulie mimi.

Nataka ifahamike kwamba sahihi ile hakuitia kwa ridhaa. Aliitia kwa ajili yangu, na yangu niliitia nikiwa nimefungiwa. Niko tayari kulisema hili mahakamani, hata mbele ya Msabah. Bi Mwanamkasi sijamwona tangu jana, amepelekwa kupimwa. Sheha ameniambia kuwa Bi Mwanamkasi alipofika hospitali aliuliza kama mtoto wangu alinyonya.

Hayo ndiyo niliyoyaona, niliyoyasikia na niliyoyafanya mimi mwenyewe, na ndiyo maelezo yangu.

Sahihi ya shahidi: N. B. Muhammad

Nathibitisha kuwa shahidi amesomewa maelezo haya kwa Kiswahili, lugha anayoifahamu, na ameyakubali baada ya kusahihisha mahali pamoja. Nilikuwa nimeandika "nikalazimika kutoa kalamu." Ameomba neno "nikalazimika" lifutwe, isomeke "nikatoa kalamu."

WP 5127 Sajenti Mwatum Kificho, saa 4:40 asubuhi